Nilivyokwenda Kuliona Kanisa la Sinema

Mama zangu wa kikundi cha maombi cha Jumatano, pamoja na nyinyi wote mnaopita saluni mkijifanya mnataka kusuka kumbe mnataka habari: nimechoka kusimulia nusunusu huku mikono yangu iko kwenye kichwa cha mtu. Kila mmoja amepata kipande chake, na nasikia vipande vimeanza kuota miguu. Kuna anayesema nilifungwa Marekani kwa sababu ya ndagala, dagaa wetu. Kuna anayesema Noella ameolewa na mzee mwenye sinema. Eish! Kaeni chini. Naandika mara moja, mkisoma mniache nifanye kazi.

Noella ni mtoto wangu wa kwanza. Alishinda loterie ya viza, ile bahati nasibu ya kuingia Marekani, miaka sita iliyopita, akaenda peke yake, akapata kazi kwenye sinema ya mji mmoja mdogo wa Alabama. Kazi hiyo sikuipenda tangu siku ya kwanza, na sababu ninayo. Nimekulia Uvira. Kwetu sinema ilikuwa nyumba ya mabati nyuma ya soko, mlangoni wametundika turubai, ndani benchi, televisheni moja na jenereta. Mchana walionyesha watu wa karate. Jioni walionyesha mambo mengine, na nje pombe ya ndizi, kasiksi, ilikuwa inauzwa kwa kikombe. Kaka yangu Déo alianza kutoroka shule kwenda huko akiwa darasa la tano, na darasa la sita hakuliona. Baba akitaja neno sinema alikuwa anatema mate. Nimelelewa hivyo, na watoto wangu nimewalea hivyo.

Halafu ikaja ile picha. Mwenzenu Maman Béa aliniletea mwenyewe saluni, simu ameishika kwa mikono miwili. "Angalia mutoto yako," akasema. Nikaangalia. Noella amesimama mlangoni kwa sinema na shati lake jeusi la kazi, mikono ameitanua huku na huku, anacheka meno yote nje. Nyuma yake kuna bango la mwanaume mwenye bunduki na mwanamke asiye na nguo ya maana. Na chini imeandikwa kwamba ni Jumapili asubuhi. Jumapili ileile, saa ileile, alikuwa ameniambia yuko kanisani!

Nilimpigia palepale. Akaniambia, "Maman, kanisa letu linasali ndani ya sinema." Mimi nikaona mtoto ananifanya mjinga. Nikamwuliza kanisa gani lina bunduki mlangoni, na kabla hajajibu nikakata simu. Miezi minane sikupokea tena. Nyinyi mnajua, kwa sababu mlikuwa mnamwombea pamoja nami, nami nililia mbele yenu nikisema ameshapotea.

Kwa hiyo sikuwa nakwenda kutembea. Nilikwenda kujua jambo moja tu: mtoto wangu ni mwongo au si mwongo. Na moyoni nilikuwa nimekata shauri, ikiwa ni uongo, narudi saluni kwangu Bertrams na simu yake siipokei tena. Nilimwandikia maneno machache: nakuja Jumapili kuona kanisa lako. Naye akajibu kwa neno moja: karibu.

Bertrams mpaka uwanja wa ndege

Mambo ya viza na tiketi sisemi, mtalia bure. Naanzia Ijumaa, pale nilipotoka nyumbani na sanduku moja la nguo na moja la chakula: sombe, yaani kisamvu, iliyopondwa na kukaushwa, unga wa muhogo, na ndagala kilo mbili nilizozifunga kwa plastiki nne. Dereva wa teksi alifungua madirisha yote kabla hatujafika robot ya kwanza, taa za barabarani. Akaniuliza, "Mama, nini kimekufa humo?" Nikamwambia endesha.

Hesabu yangu ilikuwa nzuri sana. Nifike Atlanta Jumamosi asubuhi, nipande basi, jioni nipumzike, Jumapili saa tatu niwe nimesimama mlangoni kwa hilo kanisa lao. Lakini tulikaa uwanjani saa sita. Walisema kuna kipuri kinasubiriwa. Mara walisema kimefika, mara walisema si chenyewe. Nilikaa karibu na bibi mmoja wa Soweto, gogo kama wanavyomwita, aliyekuwa anakwenda kumwona mjukuu, tukala vetkoek zake, maandazi ya huku, na karanga zangu, na kila walipotangaza tuendelee kuvumilia, alikuwa anasonya, anapiga ulimi kwa sauti ya watu wawili. Mimi nilikuwa nahesabu saa vidoleni. Nilikuwa naiona Jumapili yangu inaniponyoka.

Angani

Kwenye ndege kila kiti kina sinema yake. Hilo hamkuniambia! Mbele ya uso wangu kuna kioo kinachowaka, na kikaanza chenyewe kunionyesha magari yanagongana. Nilikitafutia kitufe, sikukiona, nikachukua blanketi nikakifunika. Kijana wa suti aliyekaa kando yangu akavua vitu vya masikioni, akaniuliza kama naumwa.

"Siumwi. Sitazami sinema," nikamwambia.

Akatazama mbele, akatazama nyuma, akasema kwa upole, "Mama, humu ndani tuko wote sinema."

Nikanyanyuka kidogo niangalie. Ni kweli. Watu mia tatu gizani, kila mmoja na kioo chake, mmoja anacheka, wa pembeni yake analia, na hakuna anayejua mwenzake analilia nini. Nikakaa. Baadaye yule kijana alinionyesha ramani yenye ndege ndogo inayovuka bahari, akasema hiyo si sinema. Nikaitazama saa kumi mfululizo. Ilikwenda taratibu, lakini haikuwa na dhambi.

Atlanta

Sasa habari ya kufungwa. Sikufungwa. Tulikuwa tunasubiri masanduku, akaja askari wa kike na mbwa mdogo mwenye masikio marefu, amevaa koti. Mbwa akapita kwa wote, akafika kwangu, akakaa chini. Askari akasema, "Ma'am, fungua."

Nikajua ni ndagala. Nilianza kujitetea nikiwa bado napigana na zipu: nikamwambia ni samaki wa Ziwa Tanganyika, ni wadogo, wamekaushwa juani, mtoto wangu hajawala miaka sita. Yule askari akafungua plastiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akarudi nyuma hatua mbili. Akaita mwenzake. Mwenzake akanusa, akaangalia karatasi zake, akasema samaki mkavu hana shida, apite.

Lakini mbwa bado amekaa. Hanitazami mimi wala ndagala. Anatazama mkoba wangu wa mkononi. Wakaufungua, wakatoa tufaha. Lile tufaha walilonipa wao wenyewe ndani ya ndege, nikaliweka nile baadaye! Likachukuliwa kwa glavu na kutupwa, nikapewa onyo kali, halafu nikaachiwa na ndagala zangu kilo mbili. Nilicheka peke yangu mpaka nje. Ndiyo hiyo habari yenu ya jela.

Kucheka kuliisha stendi ya basi. Basi langu lilikuwa limeondoka, na lingine ni Jumapili asubuhi. Nikajiegesha hapo na masanduku yangu mpaka kukacha. Asubuhi basi likachelewa tena. Palikuwa na dada mmoja, Keisha, rasta zake zimefumuka upande mzima, anakwenda msibani kwa bibi yake na anaona aibu kufika vile. Mimi mikono ikikaa bure natafuta ugomvi. Nikamwambia kaa hapa chini. Nilimsuka upya mbele ya abiria wote, na nilipomaliza, wanawake wengine wawili walikuwa wameshapanga foleni. Keisha akaninunulia mkate wenye kuku wa kukaanga ndani, mtamu mno, na pilipili yake ilinikumbusha nyumbani.

Ndani ya basi tukakaa pamoja. Njiani, katikati ya shamba, nikaona ukuta mkubwa mweupe umesimama peke yake, umechakaa, ng'ombe wanalala kivulini pake. Nikauliza ni nyumba ya nani iliyobomolewa. Keisha akasema, "Hiyo ilikuwa sinema. Watu walikuja na magari, wakaegesha, wakatazama picha humo humo ndani ya gari. Bibi yangu na babu yangu walichumbiana pale." Akaufuata ule ukuta kwa macho. "Huyo bibi ndiye ninayekwenda kumzika."

Nilimshika mkono. Lakini kichwani, nisameheni, nilikuwa nawaza: kuchumbiana ndani ya gari, gizani, mbele ya sinema. Baba alikuwa na haki ya kutema mate.

Siku sita ng'ambo ya barabara

Nilifika saa nane mchana, Jumapili. Kama kulikuwa na ibada, ilikuwa imekwisha.

Sinema iko barabara kuu, jengo la zamani la matofali, na mbele kuna kibanda kama jicho la kioo ambako zamani walikuwa wanakatia tiketi. Juu ya mlango kuna ubao mweupe mrefu wenye herufi nyeusi. Siku hiyo herufi zilikuwa zinataja picha ya mizimu. Kwenye bango kulikuwa na mwanasesere anayetoka damu machoni. Nilichungulia kwa kioo: wanauza bisi, peremende na bia. Bia, mama zangu! Na nyuma ya kaunta ni Noella, amekonda, anamwaga siagi juu ya bisi kwa mkono uliozoea.

Aliponiona aliacha bomba la siagi likitiririka. Akatoka mbio. "Maman! Maman wangu!" Mimi nikampa mkono. Naandika hili kwa aibu: mtoto wangu alikuja na mwili mzima, nami nikampa mkono tu.

"Kanisa liko wapi?" nikauliza.

"Limeshatoka, Maman. Wametoka saa tano. Subiri Jumapili nyingine."

"Ah, nilijua."

Akaniangalia. Nilidhani atabembeleza, atalia, ataapa. Hakufanya lolote. Alichukua masanduku yangu, akasema, "Basi subiri, utaona," akanipeleka kwake. Ana chumba kimoja na jiko, pasafi. Kitanda alinipa mimi, yeye akalala sakafuni. Nilimpikia sombe na ndagala, akala huku machozi yanamtoka. Siku zote sita zilikuwa hivyo. Salamu tunapeana, chakula tunapeana, maongezi hakuna. Kiburi chake hicho amekitoa kwangu, nakijua.

Ndani ya sinema sikukanyaga. Ng'ambo ya barabara kuna benchi, nikaligeuza kituo changu. Nilikaa pale kila siku tangu anapofungua mpaka jua linapopungua, na leso yangu magotini, napeleleza. Niliona nini? Jumatatu waliingia watu wanne. Jumatano kumi na mmoja, na kati yao wazee saba. Nilitegemea walevi, nilitegemea vijana wahuni. Nikaona bibi anatembea na kile kigari cha wazee cha kushikilia, Noella anamfungulia mlango. Mwenye duka la viatu nyuma ya benchi langu alinihurumia, akaniletea maji baridi. Akaniambia zamani foleni ilikuwa inazunguka kona mpaka mlangoni kwake, baba yake alikuwa anauza viatu kwa watu waliosimama kwenye foleni. "Sasa kila mtu anatazama kitandani kwake," akasema. "Yule msichana wa Kiafrika ndiye anayelishikilia jengo hili lisife." Nikamwuliza kama kuna kanisa mle ndani. Akasema Jumapili yeye hufunga duka na kwenda kuvua samaki, hajui.

Jumamosi alasiri Noella akatoka na fimbo ndefu yenye kikombe cha mpira nchani. Akaanza kunyofoa zile herufi za mizimu, moja moja, na kupandisha nyingine upande mmoja wa ubao. Nikazisoma zikipanda: IBADA SAA TATU. KARIBUNI WOTE.

Mngedhani hapo nilitulia. Wapi! Nilijiambia: anaandika kwa sababu anajua nimekaa hapa natazama. Mtu akishaamua kutoamini, hata ukimwandikia ukutani kwa herufi za futi moja atatafuta pa kutorokea. Mimi nilikuwa mtu huyo, na usingizi wa siku ile haukunipata.

Jumapili

Saa mbili asubuhi tayari kulikuwa na magari. Nilivuka barabara na kitenge changu cha kanisani, Biblia mkononi. Wanaume wanashusha kinanda na ngoma. Wanawake wenye kofia kubwa za rangi. Ndani, mbele ya kile kitambaa cheupe kikubwa wanachoonyeshea picha, mtu amesimamisha msalaba wa mbao, na kwaya inajaribu sauti. Kaunta ya bisi wameifunika kwa shuka, juu yake wameweka chai. Kaunta ya bia pia. Na kwenye kitambaa kile cha sinema yalikuwa yameandikwa, kwa mwanga, maneno ya wimbo wa kwanza.

 Nikakaa kwenye kiti cha mwisho kabisa. Kiti kikaanza kuinama nyuma chenyewe na kuninyanyua miguu kama nipo kwa daktari, Biblia ikaruka. Nilipiga yowe. Bibi mmoja mweusi, mwembamba, kofia ya zambarau, akanyoosha mkono akabonyeza kitufe, nikarudi kukaa kama mtu.

"Wiki ya kwanza kilinifanya hivyohivyo," akasema. "Wewe ni mama yake Noella. Una paji lake la uso. Mimi ni Loretta."

Nikamwuliza kwa haraka, bila salamu: hili kanisa linasali humu tangu lini? Akasema paa la kanisa lao lilianguka kwa dhoruba, mwenye sinema akawapangisha ukumbi Jumapili asubuhi, na huu ni mwaka wa pili. Sharti ni kwamba lazima awepo mfanyakazi mmoja wa sinema, avae shati la kazi, ashike funguo. "Wengine walikataa, Jumapili wanataka kulala. Noella akasema yeye atakuwa anakuja, kwa sababu anataka kusali."

 Loretta akanionyesha juu, nyuma yetu, kwenye roshani yenye viti vichache vya mbao.

"Unaona kule? Nikiwa mtoto, sisi weusi tulikaa kule tu. Na hatukupita mlango huu. Kuna mlango kichochoroni, na ngazi ya chuma. Bisi tulinunua kwa kidirisha, baada ya wazungu kumaliza kununua. Siku moja mvua ilinyesha, ngazi inateleza, mama yangu akaanguka, na mimi nikiwa nimemshika. Nikaapa. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nikasema kama siwezi kuingia kwa mbele, siingii. Baadaye sheria ikabadilika, mlango ukafunguliwa kwa wote, na mimi bado sikuingia. Nimezeeka sijaingia. Kanisa lilipohamia humu, nilikaa nyumbani wiki kumi na mbili, nikasali na redio."

"Sasa umeingiaje?"

"Huyo mtoto wako. Alikuja kwangu kila Jumapili kabla ya ibada. Anabisha hodi, ananiuliza kama leo nitakuja, nikisema hapana anasema sawa bibi, tutaonana wiki ijayo. Wiki ya kumi na tatu nikachoka kumkatalia. Tulipofika akatangulia, akafungua milango yote miwili, akaishikilia hivi." Bibi Loretta akatanua mikono yake miwili, huku na huku. "Nikamwambia simama hivyohivyo, usishuke mikono, nataka picha ya mlango ule ukiwa wazi. Nikampiga picha kwa simu ya mjukuu wangu. Mjukuu akaitupa mtandaoni, watoto wa siku hizi, unawajua."

Mama zangu, nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, kamasi na yote, na watu wa mbele wakadhani nimeguswa na Roho, wakaanza kusema "Amen, sister!" Loretta akanikumbatia na kofia yake. Ile picha niliyoionyesha kila mtu kama ushahidi wa kupotea kwa mtoto wangu, ilipigwa wakati anamfungulia mtu mlango wa kuingia kanisani. Miezi minane nilimlilia mtoto aliyekuwa anasali.

Maman Béa, nakuomba usijifiche ukisoma hapa. Wewe uliniletea picha tu. Aliyekata simu ni mimi.

Ibada sitawaeleza, nitamaliza daftari. Ilipoisha saa tano, watu wakaondoka na kinanda chao, na Noella akachukua ufagio. Wana saa moja tu kabla ya watazamaji kuingia: kufagia, kukunja shuka, kufungua vipande vya msalaba na kuupeleka stoo, kubadilisha herufi. Alikuwa anafagia mstari wa sita. Nikamwendea, nikamnyang'anya ufagio.

Mnajua kwetu mzazi haombi msamaha. Mzazi akikosea, anapika kuku, mtoto anaelewa, mambo yameisha. Mama yangu hakuwahi kuniomba msamaha hata siku moja. Lakini kuku pale hakuwepo, na maneno yalikuwa yamenijaa hadi kooni. Nikasema, "Noella, nisamehe. Ulinieleza ukweli, nikakuita mwongo. Nimekusema vibaya kwa watu. Nisamehe, mama."

Akaushika mpini. Akasema, "Maman, nipe ufagio, tumebakiza dakika arobaini." Sauti ikamkatika kwenye neno la mwisho. Akaketi pale pale kwenye kiti, akaweka uso wake tumboni kwangu, akalia kama alipokuwa mdogo. Tulipomaliza kulia tukafagia wote wawili, yeye mistari ya kushoto, mimi ya kulia. Nilijisikia mwepesi, nilifagia hadi chini ya vile viti vinavyoinama, ambako Noella alikiri huwa hafagii.

Jumanne mchana

Nilimaliza dhambi zangu kabisa: niliingia kutazama picha. Mchana peupe, na Loretta, ambaye naye hakuwa ametazama picha humo tangu zile za roshani. Tuliketi chini, katikati kabisa. Noella alitupatia bisi ndoo nzima. Tulikuwa watu tisa. Ilikuwa habari ya mwanamke anayetaka kuuza nyumba ya marehemu mumewe kwa tapeli, na kila mtu anaona ni tapeli isipokuwa yeye. Nikavumilia, nikavumilia, mwishoni nikashindwa. Nikapaza sauti: "Usisaini!" Nikashika mdomo wangu. Nilijua nitatolewa nje. Loretta akanyanyua mkono akapaza sauti kunizidi, "Msikilize mama, usisaini!" na bwana mmoja wa nyuma akajibu, "Hasikii huyo, atasaini." Akasaini. Tukapiga ulimi wote tisa. Kumbe sisi tisa wote tulijua tunamlilia nani, tofauti na wale mia tatu wa ndege.

Bia bado siipendi pale mlangoni, na bango la mwanasesere nimemwambia Noella aligeuze ukutani siku za ibada. Amesema ataongea na mwenye jengo. Na huyo mzee mwenye sinema ana mke na wajukuu, mtoto wangu hajamwoa.

Nyumbani

Kurudi hakukuwa na neno. Ndege iliondoka kwa saa yake, tufaha nililila hapohapo nilipopewa, na kioo changu sikukifunika. Nilitua na masanduku mawili matupu na usingizi wa miezi minane, nikalala mpaka Maman Béa alipogonga mlango kwa jiwe.

Jumapili iliyopita, saa tisa na nusu yetu, kule kwao asubuhi, nikampigia. Alipokea kwa mlio wa kwanza. Nyuma yake nasikia mtu anajaribu ngoma. "Subiri Maman, nawasha kamera nikuonyeshe, kwaya iko hapa, Bibi Loretta yuko hapa." Nikaona dari linazunguka, nikaona kidole.

"Zima hiyo kamera," nikamwambia. "Nani amekuuliza uko wapi? Nimepiga kuuliza kama umekula."

 Halafu akacheka, akakiri hajala tangu jana mchana. Basi nikamgombeza, nikamgombeza vizuri, mpaka kwaya ilipoanza kuimba na yeye akaniomba ruhusa aende.